Mzigo wa Tendaguru

SEHEMU YA KWANZA

"Rudisha ile ya jana," Mwanaidi alisema. "Hapo hapo. Usiguse kitu."

Daktari Ulrike akaondoa mkono mezani. Kwenye skrini palikuwa na duara la mianzi, ndani ya duara udongo, na ndani ya udongo kitu cheupe kilichojikunja.

"Sasa ya leo."

Duara lilelile, nyufa zilezile. Ila jana ncha nene ya kile kitu ilikuwa chini, na leo iko juu.

"Kuna mtu ameugeuza mzigo," Ulrike akasema.

"Angeugeuza, na mianzi ingegeuka nao. Ule mwanzi wenye ufa uko palepale, kushoto. Kilichogeuka ni cha ndani."

Ilikuwa saa nne za usiku, mwezi wa tatu, Berlin, na baridi ya nje ilikuwa ya kumtoa mtu machozi. Chini ya jumba la makumbusho ya viumbe, mtaa wa Invalidenstraße, walikuwa wamebaki hao wawili na walinzi wa zamu. Ulrike alikuwa na umri wa miaka hamsini na kitu, yote karibu ameimalizia kwenye mifupa. Mwanaidi ni binti wa Lindi, shahada mbili za Mlimani, aliyekuja kwa miezi sita kusaidia kuisoma mizigo ambayo babu wa babu yake huenda aliitwika mwenyewe.

Hapa inabidi nikueleze, msomaji, maana mzigo huu haukufika Ulaya kwa miguu yake. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria pale Tendaguru, kaskazini-magharibi ya Lindi. Nasema Wajerumani walichimba kwa mazoea ya vitabu tu. Wenyewe walikuwa wachache, Werner Janensch na Edwin Hennig wakiwa mbele; sururu na majembe yalishikwa na wenyeji, mamia yao, chini ya wasimamizi kama Boheti bin Amrani. Reli haikuwepo. Mifupa ilitwikwa vichwani, ikashuka kwa miguu siku nne hivi mpaka bandarini Lindi, ikaingizwa melini. Zaidi ya tani 200, vichwani mwa watu. Na hao watu walikuwa wametoka kwenye Maji Maji miaka michache tu nyuma, na njaa iliyofuata vita ilikuwa bado haijawatoka mbavuni.

Mifupa mingi ilifungwa kwa mianzi: mwanzi unapasuliwa, vipande vinapangwa kuuzunguka mfupa na udongo wake, kamba zinakazwa mpaka mzigo unakuwa mviringo mgumu wa kutwikwa. Berlin walifungua mingi, wakabakiza mingine. Haikufunguliwa wakati dinosaria Giraffatitan, ambaye leo ana mita 13.27 kutoka sakafuni hadi utosini, aliposimamishwa ukumbini mwaka 1937. Haikufunguliwa mabomu yalipobomoa upande wa mashariki wa jengo mwaka 1945. Siku hizi mzigo wenyewe, na kamba zake, na namna ya mfungaji wake, umekuwa kitu cha kutunzwa; ukitaka kujua kilichomo, unaupitisha kwenye siti-skani.

"Nikuoneshe kitu kingine," Mwanaidi akasema. Akafungua kikaratasi chenye vumbi lililodondoka mezani walipokuwa wakiuweka mzigo. Akalinusa, akalisugua kwa kidole gumba. Lilikuwa jeusi, laini, bila mchanga. "Hili si la mchimbo. Hili ni tope la bwawa, Daktari. Nani anafunga mfupa kwa tope la bwawa, wakati udongo wa kufungia umemzunguka pale pale?"

Ulrike akavua miwani.

"Jumatano ulifanya nini kwenye mzigo?"

"Niliipulizia mianzi mvuke wa maji, ilainike, isikatike wakati wa kubeba. Kama ulivyoniagiza."

"Maji," Ulrike akasema polepole. Kisha akauliza swali ambalo Mwanaidi hakulitarajia. "Kwenu mna kamongo?"

"Tunao. Bwawa likikauka anajichimbia topeni, anajifunga na ute wake, analala mpaka mvua irudi."

"Karne ya 19 walikuwa wakiletwa Ulaya hivyo hivyo, ndani ya bonge la tope kavu. Unaliweka bonge kwenye beseni la maji, samaki anaamka."

"Kamongo halali miaka mia na zaidi, Daktari."

"Mwaka 2023 walitangaza mnyoo wa Siberia uliogandishwa ardhini miaka 46,000. Uliyeyushwa, ukatembea. Ukazaa."

Mwanaidi alikuwa amefungua mdomo kujibu ndipo kitu kilipolia chumba cha pili. *Ta!*

Wakatazamana. Chumba cha pili hapakuwa na mtu. Palikuwa na mzigo.

*Ta!* tena. Ni mlio wa kamba kavu inayokatika kwa kuvutwa. Ya tatu, ya nne. Ulrike akanyanyuka, mkono ukamshika Mwanaidi bega, sijui ni kwa kumzuia au kwa kujizuia. Ya tano. Ya sita.

Mzigo ulikuwa na kamba saba.

*Itaendelea Jumamosi ijayo.*

SEHEMU YA PILI

ILIPOISHIA: Mzigo wa Tendaguru umeanza kukata kamba zake wenyewe. Mwanaidi na Daktari Ulrike wanangoja kamba ya saba. SASA ENDELEA...

Ya saba haikulia. Ililegea tu, na walipofungua mlango waliikuta imelala sakafuni, nzima, fundo lake bado limekaza. Kilichokuwamo kilikuwa kimejipenyeza chini yake.

Mianzi ilikuwa imepasuka kwenda nje. Katikati palikuwa na shimo la tope, kuta zake zimepakwa kitu kinachong'aa, na hapakuwa na mfupa wowote. Hapakuwahi kuwa na mfupa. Chupa ya maji ya Ulrike, aliyoiacha kwenye rafu, ilikuwa imebonyea, kavu, na tundu dogo kwenye kitako. Ua la kwenye chungu lilikuwa limesinyaa mpaka shina.

Mwanaidi akachuchumaa kando ya mianzi. Kuna jambo alikuwa hajamwambia mtu tangu afike: mzigo wa namna hii alikuwa ameuona zamani. Jikoni kwa Bibi, darini juu ya mafiga, mahali watu wanapohifadhi mahindi ya mbegu yasiliwe na wadudu, palikuwa na kifurushi cha mianzi kilichopigwa masizi mpaka kimekuwa cheusi. Wajukuu waliambiwa ni mzigo wa babu, hauguswi, hauoshwi. Wakajua ni mbegu. Nani atauliza habari za mbegu?

"Dada!" Sauti ilitoka ngazini. "Dada Mwanaidi, kuya! Kuya haraka!"

Alikuwa Kasongo, mlinzi wa usiku, mtu wa Bukavu aliyehamia Berlin miaka mingi na Kiswahili chake cha Kivu hakijapungua hata chembe. Mwanaidi alimwita kaka ingawa mvi zilikuwa zimeshamvamia. Aliwaongoza mpaka kwenye mtambo wa maji ya kunywa, ukumbi wa chini. Mwenzake wa zamu, kijana asiyetimiza miaka ishirini na mitano, alikuwa ameketi ameegemea ukuta. Macho yanacheza, kifua kinapanda na kushuka. Lakini mashavu yamezama, midomo imepasuka, ngozi ya mikono imemshika mfupa: amekauka kama ng'onda. Mtambo uliokuwa juu yake ulikuwa mtupu.

Ulrike akapiga magoti, akaomba maji, akaanza kumdondoshea mdomoni kwa kitambaa, tone baada ya tone. Mkono mwingine ulikuwa tayari na simu unaita gari la wagonjwa. "Mimi nabaki naye," akasema bila kugeuka. "Nyinyi fungeni milango. Yote. Mto Spree hauko mbali, na hiki kitu kinatafuta maji. Kikifika mtoni..."

Hakumaliza, na sidhani kama angeweza. Kitu kilichokunywa chupa moja kikapata nguvu za kupanda ngazi, kikanywa mtambo na nusu ya mtu, kitakuwa na ukubwa gani kikimaliza mto?

Walifunga mlango wa mashariki, wakafunga wa nyuma. Kasongo alikuwa na rundo la funguo na alizijua kwa kuzipapasa. Vumbi jeusi lilikuwa limedondoka kwenye vigae, kidogo hapa, kidogo pale, likielekea mbele. Likaingia ukumbi mkubwa wa dinosaria. Katikati ya ukumbi likakoma.

"Nyoka?" Mwanaidi aliuliza kwa kunong'ona.

"Haiko nyoka. Niliona mgongo wake tu. Nyoka haiko na mikono."

"Iko wapi sasa?"

Kasongo akamulika pembe za ukumbi. Makabati ya vioo. Viti. Jukwaa la mifupa, na juu yake miguu minne ya Giraffatitan, kila mfupa wa paja mrefu kuliko mtu. Mwanaidi alikuwa akipita pale kila asubuhi kabla ya kazi. Wengine huanza siku kwa chai. Yeye alianza kwa kuhesabu pingili za ile shingo, kutoka mabegani mpaka kichwani. Pingili 13. Alijua pia jambo ambalo wageni wengi hawalitambui: shingo ile ni ya kuigiza, kwa sababu pingili za kweli ni nzito na tete mno kuning'inizwa, zimehifadhiwa kando. Aliyekuja kutoka Lindi kuona shingo anaona kazi ya mafundi wa Berlin.

"Kaka Kasongo. Mulika juu."

Mwanga ukapanda. Moja, mbili, tatu. Akahesabu kwa midomo bila sauti. Saba. Nane. Mkono wa Kasongo ulikuwa unatetemeka na pingili zikawa zinarukaruka kwenye kuta. Kumi na moja. Kumi na mbili. Kumi na tatu.

Na moja.

Akaanza upya, kutoka mabegani. Kumi na nne. Ile ya ziada ilikuwa kati ya ya tisa na ya kumi, rangi ileile ya mfupa, umbo lilelile, imejibana vizuri kabisa mahali pake. Tone likaanguka kutoka juu, likatua kwenye kigae mbele ya kiatu chake.

Mifupa ya kuigiza haitoki jasho.

Pingili ya kumi na nne ikafumbua jicho.

*Itaendelea Jumamosi ijayo.*

SEHEMU YA TATU

ILIPOISHIA: Kiumbe kilichotoka kwenye mzigo kimejificha kwenye shingo ya Giraffatitan, na sasa kimewaona. SASA ENDELEA...

Kilishuka bila haraka. Kilizunguka mbavu, kikapita nyuma ya paja, kikatua jukwaani na kishindo cha gunia bichi. Mwanaidi alikiona sasa chote. Saa moja iliyopita kilienea ndani ya mzigo wa kutwikwa kichwani. Sasa kilizidi urefu wa mtu. Magamba yake yalikuwa na mstari wa tope kila mshono. Mahali pa miguu palikuwa na nyuzi nne ndefu, nyembamba, zinapapasa sakafu mbele yake. Mdomoni hamkuwa na meno ya kuchoma. Palikuwa na mabamba mawili ya mfupa, juu na chini, yanayofunga kwa kusaga.

"Usikimbie," akamwambia Kasongo.

"Sikimbie. Miguu imekataa."

Uzi mmoja ukamfikia Mwanaidi mkononi, kwenye kidole gumba alichosugulia lile vumbi. Ulikuwa wa baridi na mkavu. Ukakizunguka kidole, ukapanda kwenye kifundo cha mkono, ukatulia juu ya mshipa. Aliweza kusikia damu yake mwenyewe ikiugonga ule uzi. Dakika nzima, au labda robo yake. Nani anaangalia saa wakati kama huo? Kisha uzi ukamwachia. Kichwa kikageuka, kikampita.

"Zimwi likujualo..." Mwanaidi akajikuta ananong'ona.

"Wewe inakujua," Kasongo akasema, na kichwa cha kiumbe kilikuwa kinamwelekea yeye. "Mimi hainijue, dada. Mimi ni mutu ya Bukavu!"

Sasa wakakimbia.

Mbio zile sitazisimulia hatua kwa hatua. Yatosha kusema Kasongo aliokota ndoo ya wasafishaji kwenye stoo, ina maji ya deki nusu, akataka kuvitupa vyote viwili, ndoo na maji, kumchelewesha adui. Mwanaidi akaudaka mkono wake.

"Usimwage! Ufunguo wa upande wa mashariki unao? Kule kwenye mitungi?"

"Niko nao. Kwa nini?"

"Mle hamna maji ya kunyweka. Ni spiriti. Spiriti inavuta maji kwenye nyama, ndiyo kazi yake. Zima redio yako. Zima na simu. Cheche moja mle ndani na jengo lote linaruka."

Upande wa mashariki, ule uliobomolewa mwaka 1945, ulifunguliwa upya 2010 ukiwa na chumba cha kioo katikati, baridi, taa zake za manjano. Mitungi 276,000 imepangwa humo mpaka darini: samaki, kaa, nyoka, mijusi, wameelea humo miaka na miaka, tani 80 za spiriti kwa jumla. Mchana watoto wa shule hubandika pua kwenye kioo. Usiku ule Kasongo alipita kati ya rafu na ndoo mkononi, akiacha michirizi ya maji ya deki, akaiweka mwisho kabisa wa ujia, akatokea mlango wa pili na kuubana kwa mgongo.

Kiumbe kiliifuata michirizi. Kilikuwa kinainyonya huku kinakwenda, sakafu inakauka nyuma yake. Kikafika kwenye ndoo. Ndoo ikalia mara moja tu, kikaitupa, tupu. Kikainua kichwa, nyuzi zote nne zikainuka pamoja nacho, zikagusa vioo vya mitungi, huku na huku. Kila mahali majimaji.

Mwanaidi, nje ya kioo, aliona mtungi kiliouchagua. Ndani yake mlikuwa na samaki mrefu wa kijivu, mapezi yake membamba kama nyuzi. Kamongo.

Mabamba yakafunga. Kioo kikapasuka, spiriti ikamwagikia kinywani, na kiumbe kikanywa kwa pupa yote ya miaka mia na zaidi. Kisha kikasimama. Mwili ukajivuta, kuanzia shingoni kwenda mkiani, ukapinda, ukapiga rafu, mitungi mingine mitatu ikaanguka na kuuloanisha upya. Magamba yalikuwa yanaminyana kwa mlio wa karatasi inayokunjwa. Kikawa kifupi, kikawa kinene, kikajikunja. Ute mweupe ukatoka kwenye kila mshono wa magamba, ukaganda palepale. Mwisho palibaki bonge gumu, kahawia, la ukubwa wa mzigo wa kutwikwa kichwani.

"Imekufa?" Kasongo aliuliza.

"Imelala."

Walimwacha Ulrike akisimamia wazimamoto wafungue matundu ya hewa, maana gari la wagonjwa lilikuwa limeshamchukua yule kijana, naye alikuwa ameanza kusema. Mwanaidi akarudi chini, Kasongo nyuma yake. Kulikuwa na kitu kinamsumbua kuhusu kamba ya saba, lile fundo. Akaliinua. Halikuwa fundo la kamba tu. Katikati yake palikuwa na kitambaa kimekunjwa, na kwenye kitambaa maandishi ya wino, herufi za Kiarabu, mkono wa mtu aliyesoma chuoni. Naye alisoma chuoni. Aliyapitia polepole, kulia kwenda kushoto, na maneno yakawa Kiswahili.

*Huyu jike. Tumewapa Wajerumani wapendao mifupa. Msimtie maji. Dume tunalo sisi.*

Kasongo alikuwa anasoma midomo yake. Aliposomewa, alicheka kicheko kifupi, cha mtu aliyechoka. "Babu zenu balikuwa na akili mingi. Balibebesha muzungu zimwi yao, na malipo akabapa."

Mwanaidi hakucheka. *Dume tunalo sisi.* Mzigo wa babu, hauguswi, hauoshwi. Darini juu ya mafiga, kwenye moshi, mahali pakavu kuliko pote nyumbani. Akawasha simu, vidole vinakosea tarakimu. Ilipowaka ikaanza kutetemeka yenyewe. Bibi alikuwa amepiga mara tano. Berlin ilikuwa saa tisa za usiku. Lindi, saa kumi na moja alfajiri.

Akapiga. Ikapokewa mlio wa kwanza, na nyuma ya sauti ya Bibi palikuwa na mvua, mvua ya kwao, ya bati.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo? Ulaya hawajambo?"

"Hawajambo, Bibi. Ule mzigo wa babu uko wapi?"

"Ajabu, na mimi ndiyo nakupigia kwa huo huo! Mvua juzi imeng'oa bati la jikoni, mzigo umelowa chapachapa. Zamani moshi ungeukausha, lakini tangu mniletee jiko la gesi, moshi uko wapi? Jana usiku nasikia kamba zinakatika, ta, ta. Nikajua panya. Alfajiri naangalia, mianzi mitupu."

"Bibi, nisikilize. Kuku wako, mbuzi, watu, wote watoke hapo nyumbani."

"Kuku si ndiyo hao nao, sijui wamepatwa na ugonjwa gani, wamekauka. Lakini kikubwa si kuku. Mvua yote hii, Mwanaidi, na kisima kimekauka. Kikavu mpaka chini, unaona tope. Nimemteremsha Hamisi kwa kamba akaangalie kimeziba nini."

"Mvute! Bibi, mvute Hamisi sasa hivi!"

Mvua ikasikika peke yake. Kisha watu wakiitana, mbali kidogo na simu, na Bibi akihema.

"Tunavuta," akasema. "Mbona kamba imekuwa nyepesi?"

*Itaendelea Jumamosi ijayo.*